Puti ya Mawese na Manyoya ya Mbuzi

Puti kuukuu, ule ukando unaoshikiza kioo dirishani, haitoki kwa kuombwa. Nimeitoa kwenye fremu za chuma kwa mikono yangu, nikiwa na umri ambao wenzangu hukaa nje ya nyumba wakiota jua, na ninajua ninachosema. Unaweka ncha ya tindo kwenye kona, pale chuma kinapokutana na kioo, unapiga nyundo. Haibanduki. Unapiga tena, na kinachoruka ni kipande cha kioo, kinakuchana shavuni. Unapiga mara ya tatu, nyundo inateleza, inatua juu ya kidole gumba. Damu inaingia kwenye ufa, inachanganyika na vumbi jeupe, na puti iko palepale, imeng'ang'ania chuma kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Sikuianza kazi hiyo ili nyumba ya Mungu ipendeze. Niliianza kwa sababu dada yangu alipigwa mbele ya macho yangu nami nikanyamaza.

Kwa miaka mingi nilikuwa katekista wa kigango chetu, upande wa Heru Juu, wilayani Kasulu. Watu bado huniita mwalimu, ingawa siku hizi wapo vijana wanaofundisha vizuri kuliko mimi. Dada yangu ndiye aliyenitangulia kuzaliwa. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa mwashi, na kanisa letu lilipojengwa, yeye na mimi ndio tuliotia vioo kwenye madirisha yake manane. Fremu za chuma zililetwa nyingi kuliko matundu yaliyoachwa ukutani. Padri akampa shemeji tatu zilizobaki, naye akazijengea kwenye nyumba yake. Nyumba ndogo ile ikawa na mwanga ambao majirani waliusema kwa miaka.

Puti ndiyo iliyokosekana. Lori lililotakiwa kuileta kutoka Kigoma lilikwama kwenye tope la masika, na vioo vimelazwa kwenye nyasi vinangoja. Shemeji akasema, basi tukande yetu. Tulichukua chokaa tukaichekecha, tukaikanda na mawese, kwa kuwa hayo ndiyo mafuta tuliyokuwa nayo. Ikawa laini mno. Jua likiwaka inachuruzika kwenye chuma kama uji. Hapo nikakumbuka jinsi mama zetu walivyotia majani makavu kwenye udongo wa ukuta ili ushikane. Nikakata manyoya ya mbuzi, nikayachanganya humo. Ikashika. Ilikaa miezi bila kukauka, lakini ilipokauka ikawa jiwe. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Alisema kanisa letu sasa limeota ndevu.

Miaka ikapita, puti ikapakwa rangi juu, na watu wawili tu tuliokuwa tunajua kilichomo tukabaki mmoja.

Sasa ni mwaka wa pili tangu mtoto wa jirani wa dada yangu alipofariki kwa homa. Baba wa mtoto ni mtu wa makamo, mkulima wa maharage na mihogo. Nilimfundisha katekisimu mimi mwenyewe, nikasimama karibu naye siku alipofunga ndoa. Mtoto yule alikuwa wa pekee. Baba yake hakulia makaburini. Alikaa kimya, na ukimya ule ulinitia hofu kuliko kilio.

Wiki chache baadaye kamchape wakaingia kijijini. Ni makundi ya vijana wanaotoka kijiji hadi kijiji kwa ngoma na filimbi, wakidai kwamba wanafukua uchawi majumbani. Serikali inawakataza, lakini mtu aliyefiwa akiwaita, wanakuja. Walikuja asubuhi kweupe. Walimtaka kila mtu alambe dawa yao, kitu cheusi kwenye kibuyu. Wengi walilamba, wengine kwa kuamini, wengine kwa woga. Dada yangu alikataa.

"Ulimi huu unapokea Komunyo," aliwaambia. "Lambeni wenyewe."

Basi wakaenda nyumbani kwake, na umati nyuma yao. Nami nikafuata. Kiongozi wao, kijana aliyefunga kitambaa cheusi kichwani, alichimba kizingiti, akachimba chini ya mafiga, hakupata kitu. Watu wakaanza kuguna. Ndipo alipofika dirishani. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye kona moja, na manyoya mawili matatu yalikuwa yanachungulia kwenye ufa. Alichokonoa kwa kisu, akagonga kwa jiwe, bonge la puti likamwangukia kiganjani. Akalivunja. Ndani lilikuwa na rangi ya manjano, limejaa nywele.

"Nywele za maiti!" alipiga kelele. "Mafuta ya mtu! Humu ndimo alimomfungia mtoto wenu!"

Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale, na rozari mfukoni. Nilijua ni nini. Nilijua mbuzi alikuwa wa nani na alikuwa na rangi gani. Nikasema, "Hayo ni manyoya ya mbuzi." Lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayesali peke yake.

Baba wa mtoto akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Unasemaje, mwalimu?"

"Sijasema kitu," nilimjibu.

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyaungama, na hapa ninayaandika kama yalivyotoka.

Walimburuta nje kwa kitenge chake. Mtu mmoja alimpiga teke mgongoni, akaanguka kifudifudi kwenye mawe ya mafiga waliyokuwa wameyafukua. Wengine walirusha madongo. Wanawake niliowafundishia watoto wao katekisimu walikuwa wanapiga vigelegele. Baba wa mtoto alichukua jembe lililokuwa limeegemea ukutani, akaligeuza, akaushika upande wa chuma na kupiga kwa mpini. Dada yangu aliinua mkono wa kushoto kujikinga. Nilisikia mfupa. Ulilia kama mti mkavu wa muhogo unapovunjwa gotini. Akapiga tena, mahali palepale, na mkono ukakunjwa mahali ambapo mkono haukunjwi. Damu ya kichwani ilikuwa imemfumba macho. Aliita jina la mume wake, kisha akaita jina langu.

Kilichomwokoa ni mlio wa gari la polisi walioitwa na mwenyekiti wa kijiji. Kamchape walitoweka mashambani, umati ukamwagika kama maharage kwenye gunia lililopasuka. Tulimpeleka hospitali Kasulu nimemlaza mapajani. Njia nzima hakunitazama. Baba wa mtoto alikaa mahabusu kwa siku kadhaa, akaachiwa, kwa kuwa hakupatikana mtu wa kutoa ushahidi. Mimi pia nilisema sikuona vizuri.

Alipotoka hospitali, binti yake alimchukua kwenda kuishi naye Busunzu, kule wilaya ya Kibondo. Nilikaa miezi mitatu nikisali nipate nguvu ya kumfuata. Mungu ni mvumilivu, anamngoja hata mwoga. Siku moja asubuhi nilipanda basi la Kibondo, likanishusha Busunzu, nikatembea mpaka nyumbani kwa binti.

Dada yangu alikuwa ameketi juu ya mkeka anachambua maharage kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, umepinda. Nilimsalimu kwa heshima yetu, nikipiga makofi polepole, nikimuulizia habari za nyumba, za shamba, za watoto. Aliitikia zote. Kisha akaniuliza, bila kuinua kichwa:

"Mdogo wangu, ile puti uliikanda wewe?"

"Niliikanda mimi na shemeji."

"Na ulisimama pale."

"Nilisimama."

Aliokota maharage mabovu matatu, akayatupa uani.

"Binti yangu anasema nihamie hapa moja kwa moja. Wakwe zake ni watu wema, wamekubali hata kunizika. Unasikia? Kunizika kwenye migomba ya watu, na mume wangu amelala kule peke yake."

"Dada, rudi. Mwenyekiti amesema atakulinda."

"Mwenyekiti atalala dirishani kwangu?" Sasa alinitazama. Jicho moja lilikuwa bado na kovu la zambarau. "Wewe kawaambie. Usiende ofisini kunong'ona. Simama mbele ya walewale, useme kilichokuwamo. Wakikuamini nitarudi. Wasipokuamini, nitajua nilikuwa sina kijiji, nitalala huku. Na kama huwezi, usije tena na habari za mashamba."

Nilirudi Kasulu nikiwa na homa. Haikuwa malaria.

Jumapili iliyofuata, ibada ya asubuhi ilipokwisha na watu wakiwa bado uwanjani wanasalimiana, nilikwenda kwenye dirisha la kwanza la kanisa nikiwa na tindo na nyundo. Nikapaza sauti. Nilisema kwamba puti iliyokutwa nyumbani kwa dada yangu niliikanda mimi, kwa chokaa, mawese na manyoya ya mbuzi, na kwamba ni ileile iliyoshika vioo vya kanisa hili, ambavyo wamesali chini yake miaka yote. Nikasema siku ile nilijua, na nilinyamaza kwa woga.

Mtu mmoja alicheka kidogo. Kijana fulani wa kwaya alisema, "Mzee, jua limekupiga?"

Nikapiga nyundo.

Sikuwa na subira siku ile, na ninamshukuru Mungu kwamba subira iliniacha. Puti hutolewa kwa kuipasha moto kwanza, na vioo huondolewa kwa utaratibu. Mimi nilipiga kama mtu anayeua nyoka. Kioo cha kwanza kilipasuka chote, vipande vikanimwagikia mikononi. Wanawake walipiga ukelele. Nikapiga, nikapiga, ukingo wa fremu ukajikunja, na mwishowe bonge refu kama kidole likatoka. Nikalivunja mbele yao. Manyoya yakasimama katikati ya mpasuko, manjano, membamba.

"Tazameni," nikasema. "Tazameni wenyewe!"

Walitazama. Ndipo nilipoona kwamba sikuwa nimewaza vizuri. Nyuso hazikulegea. Ziligeuka kutoka kwenye bonge zikanigeukia mimi, moja baada ya nyingine, kama siku ile zilivyomgeukia dada yangu.

"Kumbe ni ukoo mzima," sauti ilisema.

"Mpaka kanisani!"

Baba wa mtoto hakuwa amekuja kusali. Tangu mazishi hakuwa ameingia kanisani. Lakini anakaa jirani, alisikia nyundo na kelele, akaja mbio. Walimpisha. Alilitazama bonge kiganjani mwangu, akanitazama mimi.

"Ulinifundisha kusali chini ya nywele hizi?" aliniuliza.

"Mwanangu, ni mbuzi."

Alinipiga ngumi ya mdomo. Nililala chali juu ya vioo. Jino moja la mbele nililimeza, jingine nililitema. Alinikanyaga kifuani akachukua nyundo yangu, nami nikaona chuma chake kikipanda juu na jua nyuma yake. Sikuogopa. Niliwaza tu kwamba dada yangu atazikwa Busunzu.

Kwetu Buha mwenye nyumba haweki pombe mbele ya mgeni bila kuionja yeye kwanza. Anavuta funda, mgeni anaona, ndipo anampa. Hata adui huwezi kumkatalia kinywaji ulichokiona mwenyeji akikimeza. Sikuliita wazo hilo kichwani mwangu, ila ninamjua aliyelileta. Bonge lilikuwa bado mkononi. Nililitia kinywani, pamoja na damu na vumbi la kioo, nikalitafuna.

Ni kitu kigumu. Lilisagika kama mchanga, likachoma kwa chokaa, manyoya yakanata kooni. Nililimeza lote nikimtazama machoni. Kisha nikafungua mdomo aone kwamba hamna kitu.

Nyundo ilibaki juu. Ndipo kikongwe mmoja, rika la dada yangu, anayeuza mawese sokoni tangu tukiwa vijana, akajipenyeza kwa fimbo yake. Aliokota kipande, akakinusa, akakilamba kwa ncha ya ulimi, akakaza macho.

"Ala! Haya ni mawese," alisema. "Tena yaliyochacha. Mwalimu, nani alikuuzia uchafu huu?"

"Ni wewe, mama," nilimjibu kwa mdomo uliojaa damu.

"Mwongo mkubwa!"

Mtu akacheka, na wa pili, kwa kicheko kile kinachomtoka mtu bila ruhusa. Lakini baba wa mtoto hakucheka. Aliniacha pale chini, akaenda kwenye dirisha la pili, na kwa nyundo ileile akalivunja. Hakuwa na tindo. Alipiga fremu yenyewe, akapiga kioo, akakwangua puti kwa kucha mpaka vidole vikachanika. Akaivunja. Manyoya. Akaenda la tatu. Nilielewa alichokuwa anatafuta. Alikuwa anatafuta dirisha moja, moja tu, lisilo na manyoya, ili dada yangu abaki mchawi na mwanawe awe ameuawa na mtu. Watu walimfuata wakiliona kila dirisha likifa. Alizunguka kanisa zima akipiga na kunguruma, shati limelowa damu ya mikono, na hakuna aliyethubutu kumshika. Dirisha la nane lilikuwa nyuma ya altare. Alilipiga mpaka mpini wa nyundo ukakatika. Akavunja bonge kwa meno.

Manyoya.

Aliketi chini, akaegemea ukuta. Nilikuwa nimejikokota mpaka pale.

"Sasa nani aliyemuua mwanangu, mwalimu?"

"Homa, mwanangu."

"Homa tu?"

"Homa tu."

Akalia, kwa mara ya kwanza tangu mtoto afariki, na kilio chake kilikuwa kibaya kuliko kelele za asubuhi yote. Nilikaa naye. Sikumwambia chochote cha dini. Nilikuwa sina mdomo wa kusemea.

Kanisa letu lilikaa bila vioo kwa muda, tukisali upepo ukizima mishumaa. Halmashauri ya kigango ilisema yeye na mimi tusafishe fremu. Tulifanya kazi ile kila siku baada ya shamba, bega kwa bega, na majuma ya kwanza hatukuongea. Tulijifunza kupasha puti kwa pasi ya mkaa mpaka ilegee, kisha kuing'oa kwa tindo, kisha kukwangua kutu kwa brashi ya waya. Bado ilitaka nguvu. Bado tuliumia. Siku moja alinifunga kidole kwa kipande cha shati lake, akarudi kupiga.

Nilimpigia simu binti, nikamwambia amweleze mama yake yaliyotokea. Dada yangu hakutuma jibu. Mambo ya kanisa yalipokwisha, mimi na baba wa mtoto tukahamia nyumbani kwa dada, kwenye madirisha matatu yaliyobaki. Hayo alitaka kuyafanya peke yake. Nilimwachia mawili, la tatu nikamshikia fremu.

Alikuwa analipiga hilo la tatu, saa nne asubuhi, bodaboda iliposimama barabarani. Dada yangu alishuka na fuko moja. Alilipa kisogo shamba lake lililojaa magugu, akalitazama dirisha, akamtazama mtu mwenye nyundo. Baba wa mtoto aliiweka nyundo chini, akapiga magoti kwenye kifusi, akaanza kupiga makofi ya salamu, polepole, kwa mikono iliyojaa makovu. Dada hakuitikia. Mtu yule aliendelea kupiga makofi muda mrefu. Mwendesha bodaboda alizima injini.

"Umebakiza wapi?" dada aliuliza mwishowe.

"Upande huu wa chini, bibi."

"Basi maliza. Sitaki ibaki hata chembe."

Akaingia ndani, akaketi kwenye kigoda katikati ya chumba kitupu. Niliingia nikakaa karibu naye. Nje mtu yule alianza tena. Kila nyundo ilipotua, dada yangu alishtuka mwili mzima, mkono wake uliopinda ukaruka mapajani kama kitu chenye maisha yake. Macho aliyafumba. Niliinuka nikamwambie aache, tufanye siku nyingine.

"Kaa," dada yangu alisema. "Mwache apige."

Nikakaa. Nikaushika mkono wake, nao ukaendelea kuruka ndani ya wangu, pigo kwa pigo, mpaka upande wa chini ukaisha. Nimepokea sakramenti nyingi katika maisha yangu na nimeshukuru kwa zote. Asubuhi ile nilishukuru kwa sababu alikuwa amekaa ndani ya nyumba yake na hakutoka.

Vioo alivikataa. Tulimwekea mbao, na yeye ndiye anayezifungua kila siku kwa mkono wa kulia.